Karatasi ina L tatu, niende kwa bingwa gani?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Katonga hapa Kigoma, nafanya biashara ya dagaa. Muda mrefu mwili wangu umekuwa mchovu, na nikila kidogo tu tumbo linajaa, hasa upande wa kushoto. Nimepimwa malaria, haipo. Taifodi wakasema ipo, nimemaliza dawa mara mbili, hali ni ileile. Mwishowe maabara moja ya mjini wakanipima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Karatasi inasema wingi wa damu 10.4, chembe nyeupe 2.6, chembe sahani 84, na pembeni pana herufi L tatu. Aliyenipa majibu akasema nitafute bingwa wa damu. Muuza duka la dawa akaangalia akasema hilo ni ini. Jirani yangu kanitia hofu kabisa, kasema saratani ya damu huanza hivihivi. Mdogo wangu aliyeko Dar anataka nipande treni niende Muhimbili moja kwa moja. Pesa niliyonayo ni mtaji wa dagaa, haitoshi kuzunguka kwa mabingwa watatu. Niende kwa nani?

Mama wa Katonga, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile uliloliuliza, maelezo yafuate. Nenda kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, na huyo huna haja ya kumfuata Dar es Salaam. Anzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe, uombe barua ya rufaa, uende nayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Mtaji wa dagaa usiuguse kwa tiketi ya treni. Zaidi ya kilomita 1,200 za reli ni nyingi mno kwenda kuulizwa maswali ambayo ungeulizwa hapohapo Kigoma.

Sasa sababu. Katika barua yako yote, kilichonishtua si zile L, ambazo ni alama tu kwamba namba iko chini ya kiwango. Ni maneno uliyoyapitia juu juu, kwamba ukila kidogo tumbo linajaa, na ni upande wa kushoto. Chini ya mbavu za kushoto ndipo bandama ilipo. Ya mtu mzima mwenye afya imejificha nyuma ya mbavu, mkono hauifikii. Ikivimba inashuka, inaubana mfuko wa chakula, na mtu anaona ameshiba wakati sahani haijafika nusu.

Bandama, hata ikiwa nzima, huweka ndani yake kama theluthi moja ya chembe sahani zote za mwili, zile zinazosaidia damu kuganda. Ikivimba sana inaweza kushikilia hadi asilimia 90, na chembe nyeupe na nyekundu nazo hunaswa humohumo. Mashine ya maabara inahesabu zile zilizotoka kwenye mshipa wa mkono wako, basi. Ni sawa na mtu ahesabu dagaa walioko kwenye vichanja halafu atangaze kwamba usiku ule hamkuvua kitu, wakati stoo hajaifungua. Ndiyo maana chembe za aina zote tatu zikishuka pamoja, swali la kwanza si "uboho wake, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, umeharibika?" bali "bandama yake ikoje?" Na swali hilo linajibiwa kwa mkono kabla ya mashine.

Sijakupapasa, kwa hiyo sisemi kwamba bandama yako imevimba. Nasema mtu aipapase. Nakueleza inavyofanyika ili ujue kama umepimwa au umeangaliwa tu. Utalala chali, magoti umeyakunja kidogo ili tumbo lilegee. Daktari ataweka mkono wake wa kushoto nyuma ya mbavu zako za kushoto. Mkono wa kulia hauanzii pale penye shida, unaanzia chini kabisa upande wa kulia, karibu na nyonga, kwa sababu bandama inapokua huelekea huko, na iliyokua sana humponyoka anayeanzia juu: vidole vyake vinatua juu ya bandama yenyewe na havioni ukingo. Atakwambia vuta pumzi, ataacha vidole vitulie, utoe, atasogea kidogo kuelekea mbavu za kushoto, uvute tena. Mtu akipumua ndani, bandama hushuka ikavigonga vidole. Nilipokuwa nafundisha wanafunzi wa utabibu niliwakataza kusukuma. Mkono unangoja, bandama inaufuata. Kazi yote haifiki dakika tatu na haina risiti. Ukitoka chumbani hujalazwa kitandani, sema kwa adabu, "Daktari, naomba uniangalie na tumbo, linajaa upande huu."

Kabla ya hapo, damu irudiwe. Chupa ile ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande. Kwa watu wachache dawa hiyo hufanya chembe sahani zigandamane, na mashine ikipita inaona kifungu kimoja mahali palipokuwa na chembe kumi. Namba inashuka wakati mwenye damu ni mzima. Vilevile mchotaji akihangaika na mshipa, damu ikaanza kuganda kwenye sindano, namba inaharibika. Dawa yake ni mtaalamu wa maabara kupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini. Akiona mafungu, damu ichotwe upya kwenye chupa ya kifuniko cha bluu. Sisi tulioanza kazi kabla ya mashine hizi tulihesabu chembe moja moja kwa jicho, kidole kikibonyeza kaunta, kwa hiyo kioo tulikipa heshima. Siku hizi karatasi inatoka imechapwa vizuri na kila mtu anaiamini. Kwako wewe kioo kina kazi ya pili: kinaonyesha kama kuna chembe changa zisizotakiwa kuwepo kwenye damu. Hilo la jirani yako linaanza kujibiwa hapo, si kibarazani.

Nirudi ziwani. Wewe ni mtu wa Katonga, na naijua biashara hiyo: mitumbwi ikirudi alfajiri, wanaopata dagaa wazuri ni walioingia majini na beseni. Pembezoni mwa Ziwa Tanganyika, hasa penye maji yaliyotulia na majani, wapo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Kimelea hupenya kwenye ngozi bila wewe kujua. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo kwa miaka, ikitaga. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yananasa, na ini linaweka makovu kuyazunguka. Baada ya miaka mingi makovu yanabana njia ambayo damu ya matumboni hupitia, damu inarudi nyuma, na bandama inajaa na kutanuka. Kwa hiyo yule muuza duka la dawa hakuwa mbali sana, ila angekuuzia dawa za "kusafisha ini" ungepoteza pesa. Na jambo moja linawachanganya hata wahudumu: katika kichocho, vipimo vya ini vya damu vinaweza kutoka vizuri kabisa huku njia ya damu ndani ya ini imebanwa.

Watoto wetu wanapewa dawa ya kichocho shuleni, na ni jambo jema. Mama zao walioingia ziwani miaka yote hiyo wakabaki nje ya hesabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mahali penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, dawa iwafikie watu wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Ukifika kwa daktari mwambie mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwamba unafanya kazi ziwani na tangu lini.

Atakachokuagiza pengine ni altrasaundi ya tumbo. Hiyo kwako ni muhimu kuliko kipimo kingine chochote, kwa sababu inaonyesha bandama, makovu ya ini na mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini kwa mara moja. Omba urefu wa bandama uandikwe kwa sentimita. Neno "imevimba kiasi" halitamsaidia daktari wa mwakani atakayetaka kujua imeongezeka au imepungua. Choo kikubwa kipimwe, na kisiwe cha siku moja tu, maana mayai hayatoki kila siku, na kwa mtu mwenye makovu ya zamani yanaweza yasionekane kabisa. Homa ya ini B ipimwe, na VVU vipimwe, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kushusha chembe za damu. Upungufu wa madini ya chuma na wa foliki asidi nao aufikirie: 10.4 kwa mama wa miaka 41 inaweza kuwa ni hedhi nzito tu imekutana na jambo jingine. Kikionekana kichocho, dawa ni prazikwanteli, vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito wako, miligramu 40 kwa kila kilo. Inaua minyoo. Makovu na bandama haviondoki wiki hiyo, usije ukaandika tena kwamba dawa imekataa.

Hapa soma polepole. Mtu ambaye njia ya damu kwenye ini imebanwa huota mishipa iliyovimba kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, na mishipa hiyo inaweza kupasuka. Ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami na kunuka vibaya, hiyo si habari ya kliniki wala ya barua ya rufaa. Ni kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Vivyo hivyo ukianza kutokwa damu puani au kwenye fizi bila kukoma, vidoa vyekundu vikajitokeza miguuni, au homa ikapanda. Na kuanzia leo usinywe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kwa ajili ya mgongo. Wachuuzi wa dagaa nawajua, mchana kutwa mmeinama, jioni ni diklofenaki. Kwako dawa hizo zinaweza kuchokoza damu itoke. Parasetamoli kwa kiasi kilichoandikwa inatosha.

Bingwa wa damu anaingia lini? Kioo kikionyesha chembe zisizo za kawaida. Bandama ikikutwa haijavimba kabisa na bado aina zote tatu za chembe ziko chini. Tezi zikivimba shingoni au kwapani, uzito ukipungua, jasho likikulowesha usiku. Au namba zikiendelea kushuka kila zinaporudiwa. Hapo bingwa wa magonjwa ya ndani mwenyewe atakuandikia rufaa ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, na utakwenda na altrasaundi, majibu ya kioo na barua inayosema nini kimekwishaondolewa. Mgonjwa anayefika na barua kama hiyo anafunguliwa njia. Anayefika na karatasi moja yenye L tatu anarudishwa mwanzo, na kwa mwenye bima kuna suala la utaratibu wa rufaa pia. Mwambie mdogo wako kwamba Muhimbili haijakimbia. Na ukisikia kambi ya madaktari bingwa imefika hospitali ya wilaya, hiyo nayo ni nafasi, ili mradi akuone wa magonjwa ya ndani.

Chukua mfuko mmoja wa plastiki, tia ndani karatasi zako zote. Si hii ya juzi tu. Hata ya kliniki ya ujauzito wa mtoto wa mwisho. Kama chembe sahani zilikuwa 230 wakati ule na leo ni 84, hiyo ni habari tofauti na mtu ambaye miaka yote amekuwa na 90. Weka na pakiti za dawa ulizotumia, hizo za taifodi na za mitishamba pia. Dawa nazo hushusha damu.

Kuhusu taifodi yenyewe: kama ulipimwa Widal, kipimo hicho kinatafuta kinga, na kinga hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa, au hutokana na maambukizi mengine. Mji mzima wa Kigoma ukipimwa Widal leo, wengi wataambiwa wana taifodi. Usimeze dozi ya tatu.

SWALI

Mimi ni mwalimu hapa Tabora mjini, umri miaka 27, siumwi chochote. Nilipopima afya kwa ajili ya kazi, chembe nyeupe zilikuwa 3.2 na nutrofili, ambazo ni aina mojawapo ya chembe nyeupe, 1.3, vyote vimewekewa alama kwamba viko chini. Wingi wa damu na chembe sahani ni sawa, VVU sina. Nimeshauriwa nimwone bingwa wa damu na ninywe dawa za kuongeza kinga.

JIBU

Swali langu kwako ni moja: huwa unaumwa? Majipu ya mara kwa mara, vidonda mdomoni, nimonia? Kama hapana, inawezekana sana kwamba namba hiyo ndiyo yako ya kuzaliwa. Viwango vinavyochapwa pembeni mwa karatasi, kwenye mashine nyingi, vilitokana na kupima watu wa Ulaya na Marekani. Watu wengi wa Afrika tumezaliwa bila alama inayoitwa Duffy kwenye chembe nyekundu, ileile ambayo malaria aina ya vivax huihitaji ili kuingia. Wasio nayo huwa na nutrofili chache kwenye damu inayozunguka, na wanapambana na maambukizi kama kawaida. Mashine haijui inampima nani. Inaandika L.

Rudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, ukiwa huna mafua wala homa, na usiwe umetoka kumeza dawa yoyote. Ikitoka palepale, weka karatasi hizo mbili pamoja, na kila daktari mpya mwonyeshe ili asishtuke. Huhitaji bingwa. Utamhitaji nutrofili zikishuka chini ya 0.5, au chembe nyingine zikianza kushuka nazo, au ukianza kuumwa ovyo. Hizo "za kuongeza kinga" sina la kusema zaidi ya kwamba mshahara wa mwalimu una kazi nyingine.

SWALI

Daktari, mnadani Urambo nilishikishwa chuma mkononi kilichounganishwa na kompyuta, ikatoa kurasa nyingi: figo dhaifu, mafuta mengi kwenye damu, kongosho limechoka. Sikutolewa damu. Nitafute bingwa wa figo?

JIBU

Hujapimwa. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachojua figo yako, na aliyekushikisha bila shaka alikuwa na dawa za kukuuzia pembeni. Kurasa hizo washia moto wa jikoni.

Ila kwa kuwa hofu imeshaingia, nenda kituo cha afya upimwe vitu vinne: shinikizo la damu, sukari, mkojo kama una protini, na kreatinini ya damu, ambayo ndiyo inayosema habari za figo. Kama kituo hakipimi kreatinini, hospitali ya wilaya wanapima. Vyote vikiwa sawa, bingwa wa figo hana la kukufanyia. Protini ikionekana kwenye mkojo, mkojo urudiwe wiki nyingine, ule wa asubuhi ukiamka, kabla hujaenda shambani. Homa na kazi nzito vinaweza kuileta protini kwa siku moja ikaondoka. Ikionekana tena, au kreatinini ikiwa juu, daktari wa wilaya atakuandikia barua ya kwenda Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora.